Historia ya Kudarizi Rungwe na Vitambaa Vyetu Visivyokwisha

Kamati ya kijitabu iliponipa kazi ya kuandika ukurasa wa historia, wengi walitegemea niandike habari za hisa, mikopo na marejesho. Hizo ziko kwenye daftari la mweka hazina, na yeye anazieleza vizuri kuliko mimi. Nimeona bora niandike juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, ila hakitaji kwenye mkutano. Nacho ni ule mfuko wa vitambaa ulio chini ya kitanda.

Mnaujua. Ndani yake kuna shuka lililoishia kwenye ua la tatu. Kuna kitambaa cha meza chenye pembe mbili zilizojaa majani na pembe mbili tupu, michoro ya kaboni imeanza kufutika. Kuna vitambaa vya makochi, sita vilivyotakiwa, vinne vimekamilika, na kochi lenyewe limeshauzwa. Kuna foronya iliyotakiwa kusema Usiku Mwema lakini mpaka leo inasema Usiku Mw. Jamani, tusicheke sana. Mfuko huo una historia ndefu kuliko kikundi chetu, na ndani yake kuna pesa.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya nguo za dukani kufika huku, watu wa Rungwe walivaa magome ya miti yaliyopondwa na ngozi, na walijipamba kwa pete za shaba kiunoni. Mapambo ya mikono yalikuwepo, tena mazuri: mikeka, nyumba za mianzi zilizosukwa kwa ustadi, na vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe na Matema vilivyopanda milima mpaka kwenye magulio yetu. Lakini sindano na uzi wa rangi juu ya kitambaa cheupe havikuwa kazi ya bibi zetu wa wakati ule, maana kitambaa cheupe chenyewe hakikuwepo. Kilianza kuingia kutoka Karonga, ambako Kampuni ya Maziwa ya Waskoti ilikuwa na duka miaka ya 1880. Kilipimwa kwa mikono na kilitumika kama fedha. Mtu aliyebeba mzigo au kufyatua matofali alilipwa kitambaa.

Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, wakafungua kituo chao chini ya mlima Rungwe. Mwaka huohuo wale wa misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, wakaingia upande wa ziwani. Wengi wetu tunajua habari hizo upande wa shule na kanisa. Upande wa sindano hausemwi sana. Herrnhut, ule mji wa Ujerumani walikotoka Wamoravian, uliishi kwa biashara ya kitani. Kampuni ya Abraham Dürninger ilianza hapo mwaka 1747 na jina lake lilijulikana kwa nguo. Na akina dada wa kanisa hilo walisifika kwa kudarizi. Kule Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1778, wao ndio waliodarizi bendera ya kikosi cha Pulaski, yule Mpolandi aliyepigana upande wa Wamarekani, na bendera hiyo imetunzwa hadi leo. Kwa hiyo sindano iliyofika Rungwe ilitoka kwa watu walioijua kazi yake.

Shuleni wasichana walifundishwa kushona. Kwanza ilikuwa kushona kwa kuvaa: pindo, kiraka, kifungo. Mapambo yakaja baadaye, na yalikuja pamoja na vitu vilivyoyahitaji. Huwezi kuwa na kitambaa cha meza kama huna meza. Meza, viti vya mgongo, kitanda cha mbao, dirisha la kuning'iniza pazia, vyote hivyo viliingia nyumbani pole pole, na kila kilipoingia kimoja, mama alitafuta kitambaa cha kukifunika. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku Wajerumani wakaondolewa, na kwa muda Waskoti wa Livingstonia kutoka ng'ambo ya Songwe wakashika kazi ya misheni. Sindano haikuondoka na Wajerumani. Ilikuwa imeshakuwa yetu.

Ikumbukwe pia kwamba miaka ya 1930 wanaume wengi wa huku walikuwa Lupa, kule Chunya, kwenye dhahabu, na wengine walikwenda mbali zaidi, mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na migodi ya Afrika Kusini. Waliporudi walileta mablanketi, sanduku la bati, na aliyefanikiwa kweli alileta cherehani. Lakini angalieni: cherehani iliwekwa barazani na mwenye kuikanyaga alikuwa mwanamume. Fundi nguo hata leo katika akili za watu ni baba. Sindano ya mkono ndiyo iliyobaki kwa mama, kwa sababu haikuwa na bei na haikuhitaji baraza. Na lile sanduku la bati likawa ghala lake.

Baada ya hapo zikaja klabu. Mwaka 1951 ilianzishwa Tanganyika Council of Women, chini ya Lady Twining, mke wa Gavana, na katika wilaya mbalimbali wanawake wakakusanywa kufundishwa mapishi, usafi wa mtoto, kufuma na kushona. Baada ya uhuru, mwaka 1962, ukaja Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, chini ya Bibi Titi Mohamed. Siasa zilikuwa tofauti kabisa, lakini somo la ushonaji likaendelea. Wapo watu, hasa wasomi, wanaosema klabu zile zilimfunga mwanamke kwenye uzi na kijiko badala ya kumpa shamba na hati. Hilo lina ukweli, sikatai. Lakini mama aliyetoka nyumbani mara moja kwa wiki, akakaa na wenzake bila kuulizwa anakwenda wapi, alipata kitu kingine zaidi ya mshono wa mnyororo. Wengi wetu tulianza hivyohivyo.

Hata hivyo, mimi naona mfuko wa chini ya kitanda ulizaliwa klabuni. Fikirini jinsi tulivyofundishwa. Wiki hii mwalimu anaonyesha mshono wa mnyororo, kila mtu na kitambaa chake kidogo. Wiki ijayo ni mshono wa msalaba, kitambaa kingine. Wiki ya tatu ni kujaza majani. Kila somo lilianza jambo, na kumalizia ilikuwa kazi ya nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na nini? Kulikuwa na ndizi za kumenya, kuni, mtoto mgongoni, na giza linaloingia mapema siku ya mvua. Kwa hiyo tulijifunza kuanza kwa pamoja na kumaliza kwa upweke. Watu wengi wakipewa kazi namna hiyo wataanza vizuri sana.

Sasa nifike kwenye miaka ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyotufanya tuwe hivi tulivyo, nayo ni miaka ya uhaba. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa mwaka 1978 na kwisha 1979. Baada yake bidhaa zikapotea madukani. Vijana wanaosoma kijitabu hiki waulize mama zao. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga kwa foleni tena kwa kibali. Duka la kijiji likipata mashuka leo, kesho hakuna, na hujui yatarudi lini. Mwenye ndugu ng'ambo ya Songwe alivuka kwenda Karonga kutafuta kitenge, sabuni, na uzi ukipatikana. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi na watu wakaogopa hata kuonekana na mashuka mawili mapya.

Katika hali hiyo mama mwenye akili alifanya nini? Akiona kitambaa, ananunua. Hana uzi, ananunua. Akiona uzi, ananunua hata kama hana kitambaa cha rangi hiyo. Alianza shuka kwa uzi mwekundu kwa sababu mwekundu ndio uliopatikana. Ukiisha, shuka linakunjwa linangoja. Mwezi mwingine kapatikana wa bluu, basi anaanza kingine cha bluu. Kwa hiyo akawa na vitambaa vitano, kila kimoja kikisubiri rangi yake. Wapo waliofumua sweta kuukuu ili wapate nyuzi za kufumia, na wapo waliochomoa nyuzi za rangi kwenye nguo zilizochakaa. Ule haukuwa uvivu hata kidogo, wala kukosa mpango. Ndio mpango wenyewe uliowezekana.

Zaidi ya hapo, sanduku la vitambaa lilikuwa benki. Hili nalisema kwa hesabu. Juni 1984 dola moja ilipandishwa kutoka shilingi 12 hivi kuwa 17. Mwaka 1986 ikafika 40, na mwaka 1993 ikapita 400. Mama aliyeweka noti chini ya godoro mwaka 1984 alikuta miaka kumi baadaye noti zilezile hazinunui hata foronya. Mama aliyeweka kitambaa alikuta kitambaa chake bado ni kitambaa. Kilikuwa hakijamalizika kudariziwa, lakini kiliweza kupelekwa kwenye harusi, kulipia deni, au kubadilishwa na maharage. Tena kikiwa hakijakwisha kilikuwa salama zaidi, maana shuka lililokwisha shemeji akiliona ataliomba, lakini nani ataomba shuka lenye ua moja na nusu? Bibi zetu walijua hilo. Walikuwa na kibubu kisichovunjika kwa kuombwa.

Bahati mbaya mambo yaligeuka na sisi hatukugeuka nayo. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984 mitumba ikaingia kwa wingi, na ndani ya marobota kulikuwa na mashuka yaliyodariziwa Ulaya kwa mashine, yakiuzwa kwa bei ambayo ukipiga hesabu haifiki hata ya uzi wako. Baadaye yakaja vitambaa vya makochi vya kiwandani kutoka China, vimeng'aa, seti nzima ndani ya nailoni. Soko la chini likachukuliwa. Lililobaki ni soko la juu: bwana harusi anayetaka shuka lenye majina, mama wa kichen pati anayetaka kitu ambacho hakipo dukani, mgeni anayetaka zawadi ya Tukuyu. Soko hilo lina fedha, lakini lina sharti moja: tarehe. Harusi haingoji rangi ya kijani ipatikane. Na sisi tuliendelea kuweka vitambaa kama vile bado ni mwaka 1983.

Tarehe kwetu ni jambo gumu, na si kwa sababu ya uvivu ambao wanaume wengine hupenda kuutaja. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ikinyesha sana ndipo chai inapochipua sana, na sisi ndio wachumaji. Asubuhi uko kwenye chai, mchana unapeleka majani mabichi kupimwa, jioni mikono imekuwa ya kahawia kwa utomvu. Utaishikaje poplini nyeupe? Kiangazi kikija, Juni na Julai, baridi inauma lakini kuna jua na mwanga, na ungedhani huo ndio wakati wa sindano. Ndio huohuo wakati wa kuchuma kahawa, na baada ya kahawa ndipo harusi zinapoanza, maana fedha zimepatikana. Oda zote zinafika kwa pamoja, na zinatakiwa zimalizike ndani ya wiki zilezile ambazo mdarizi naye ana harusi ya binti wa kaka yake. Kwa hiyo kila mwaka tunapokea vitambaa vingi kuliko mikono.

Na kitambaa kilichokunjwa kwa hewa ya huku hakikai bure. Wenye mashuka yaliyosubiri masika mawili wanajua vile vidoa vya ukungu vinavyoanza kwenye mikunjo. Sindano iliyoachwa ndani inaota kutu, na alama yake haitoki kwa urahisi. Yale maduara mawili ya mbao ya kubania kitambaa yakiachwa yamekaza, yanaacha mviringo wa uchafu. Michoro ya kaboni nayo hufutika, unarudi kuchora upya, ua halilingani na mwenzake. Kwa hiyo kile kilichokuwa benki sasa kinatoza riba mwenyewe.

Niseme na habari ya uzi, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapokwama na hatupeani taarifa za kutosha. Uzi mzuri wa kudarizi wa pamba una nyuzi sita ndogo ndani yake, unazitenganisha upendavyo, na kitita kimoja cha kawaida kina mita 8. Kampuni kama DMC ya Ufaransa, iliyoanza Mulhouse mwaka 1746, hutoa kila rangi na namba yake. Nyeusi ni 310, nyekundu inayopendwa sana ni 321. Namba hiyo iko kwenye kile kikaratasi tunachokitupa. Mwenye namba anaweza kuagiza Mbeya au Dar es Salaam kwa simu, akaletewa rangi ileile hata baada ya miaka mitatu. Asiye na namba anabeba kipande cha uzi dukani, anakilinganisha kwenye mwanga wa taa, anafika nyumbani anakuta ni kijani cha mgomba badala ya kijani cha chai. Na nyuzi za bei nafuu zisizo na namba, nzuri kwa kitambaa kidogo, si za kuanzia shuka la futi sita. Kama hamtakumbuka lolote katika ukurasa huu, tafadhali kitunzeni hicho kikaratasi.

Wenzetu wa pwani wana mfano mwingine. Zile kofia za mkono za Zanzibar, Lamu na Komoro, ambazo Oman huziita kumma, huchukua wiki nyingi na mara nyingine miezi kwa kofia moja. Matobo madogo mamia kwa mamia, kila moja linazungushiwa uzi kwa sindano. Kazi nyingi ya hizo kofia imekuwa mikononi mwa wanawake majumbani. Lakini kofia moja mara nyingi hupita mikono zaidi ya mmoja: mwenye kuchora, mwenye kutia matobo, mwenye kuunga kichwa na ukuta wake. Kila mmoja ana sehemu anayoijua na anamaliza sehemu yake. Sisi huku tumezoea kwamba kitambaa ni cha mtu mmoja tangu kuchora mpaka kupiga pasi, na mwingine akikigusa ni ugomvi. Sijui nani alitufundisha hivyo, lakini nadhani ni klabu tena, ambako kila kazi ilisahihishwa kwa jina.

Sasa nije kwetu. Vikundi vya namna yetu, vya hisa na sanduku la kufuli tatu, vilianza Niger mwaka 1991 kwa jina la Mata Masu Dubara, vikafika Tanzania kupitia Zanzibar kwenye mwanzo wa miaka ya 2000, vikaenea bara kama VICOBA. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 tunatakiwa kusajiliwa, na wale waliokuwa wakituita kikundi cha upatu wamenyamaza. Mnakumbuka mikopo ya mwanzo ilikuwa ya nini. Wengi tuliandika neno moja: vitambaa. Ilionekana ni jambo zuri, biashara ya mama, haina hasara, haifi kama kuku.

Tatizo halikuonekana kwenye daftari, kwa sababu marejesho yalikuwa yakija. Lilikuwa kwenye rubuni. Mteja anatoa kianzio cha shuka. Kianzio hicho kinanunua uzi wa shuka la mteja wa kabla yake, ambaye kianzio chake kilishalipa rejesho la mwezi uliopita. Wa kwanza akija kudai, unachukua oda ya tatu ili umalize ya kwanza. Kila kitambaa kipya kilianzishwa ili kulipia kilichotangulia, na kwa nje mama huyo alionekana mchapakazi kuliko wote, sindano haitoki mkononi. Siku hizi simu imeongeza moto: mtu anatumiwa picha ya ua jipya usiku, asubuhi keshalichora. Hatimaye mteja mmoja akaja na wazee mpaka mlangoni kwa mwenzetu, siku mbili kabla ya harusi, akikuta majina ya maharusi yameandikwa nusu. Sitamtaja. Alirudisha fedha kwa kuuza mahindi ya chakula, na watoto wake wawili walikaa nyumbani wakisubiri michango ya shule. Hapo ndipo tuliposhtuka.

Tukakubaliana kila mtu alete mfuko wake, wote, bila kuficha. Nadhani mkutano ule ulikuwa mgumu kuliko ule wa kugawana hisa. Mtu yuko tayari kutaja deni lake mbele ya watu kuliko kufungua mfuko ule. Vitambaa vilipotandikwa kwenye mkeka vilifunika mkeka, vikafunika na majani ya pembeni. Mweka hazina akapiga hesabu ya kitambaa na uzi tu, bila kazi. Jumla yake aliisoma mara mbili kwa sababu hatukuamini mara ya kwanza. Ilikuwa ni fedha ya kikundi imelala pale, inaota ukungu.

Palikuwa na mabishano. Wengine walitaka sheria kali: hakuna kuanza kipya mpaka cha zamani kiishe. Mimi nilipinga na bado napinga. Mdarizi anahitaji zaidi ya kimoja mkononi. Kinahitajika kikubwa cha nyumbani, cha mchana wenye mwanga. Kinahitajika kidogo cha kubeba, cha kungojea gari Kiwira au foleni ya kliniki. Na kimoja kikikwama kwa rangi, kingine kiendelee. Ukimlazimisha mtu akae na kimoja tu, siku rangi ikikosekana atakaa bure. Upande wa pili bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, alisema jambo ambalo liliwanyamazisha vijana. Alisema vitambaa vyake havikuwa vimeshindikana, alikuwa anaviwekea wajukuu, na kwamba anayekiita kitambaa chake deni hakuishi mwaka 1983. Tulimwambia ndaga fijo, tukaviondoa vyake kwenye hesabu. Vilikuwa akiba kweli.

Uamuzi tuliofikia mnaujua, maana ndio unaofuatwa. Kitambaa cha oda na kitambaa cha nyumbani vinaandikwa mbali mbali. Mwenye oda tatu hazijakwisha hapewi mkopo wa kitambaa, ila anaweza kupewa wa kitu kingine. Rubuni inaingizwa kwenye daftari na jina la mteja na tarehe ya harusi, mbele ya mashahidi wawili. Na kitambaa kilichokwama kinaweza kuuzwa kwa mwenzako kama kilivyo, au kikamaliziwa kwa kugawana bei, kama wafanyavyo wenzetu wa kofia. Hilo la mwisho ndilo lililopingwa sana, na ndilo lililosaidia sana. Imegundulika kwamba wapo kati yetu wasiopenda kabisa kuanza. Kuchora kunawachosha, kuchagua rangi kunawatia wasiwasi, lakini ukiwapa jani lililochorwa watalijaza usiku kucha wakiimba. Miaka yote hiyo tulikaa nao benchi moja bila kujua.

Si kila kitu kimekaa sawa. Wapo waliojitoa kwa sababu ya sheria hii, na wawili kati yao walikuwa na mikono mizuri kuliko wetu sote. Wapo wanaoficha mfuko wa pili kwa dada zao, nawajua. Na bei bado inatusumbua: mteja anapima shuka letu na la dukani, sisi tunapima na usiku tuliokesha, na hizo ni mizani mbili tofauti. Jambo hilo halijapata dawa.

Siku ya sherehe mtakapofika, angalieni kitambaa cha meza kuu. Kilianzwa na mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki kabla ya kukimaliza, na watoto wake walikileta kwenye kikundi ndani ya mfuko wake, pamoja na sindano yake ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha sabuni, kama alivyozoea ili isiote kutu. Pembe mbili ni zake. Pembe ya tatu imefanywa na watu watatu kwa zamu, na ya nne imefanywa na binti yake mdogo, ambaye alikuwa hajawahi kushika uzi. Mama yule hakutunza kikaratasi cha namba, kwa hiyo kijani tulikitafuta Mbeya mara mbili tukakikosa. Mkisimama karibu mtaona majani ya upande wa dirishani yamekolea zaidi. Tafadhali msiweke vikombe vya chai juu yake.